Sura ya Saba: Siku Moja Olkaria

Kati ya mwaka 1937 na 1950, Naivasha ilikuwa bandari. Ndege za kutua majini, zilizobeba abiria na barua kutoka Southampton nchini Uingereza hadi Afrika Kusini, zilikuwa zikishuka juu ya ziwa hili lililo mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wengi wa abiria wale Naivasha ilikuwa kituo cha kupita tu. Waliliona ziwa, wakaona viboko na mafunjo, wakautazama Mlima Longonot kwa mbali, kisha safari ikaendelea. Nyuma ya miamba ya kusini, huko Olkaria, ardhi ilikuwa ikifuka mvuke usiku na mchana, na wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakichunga huko waliyajua matundu yake yote. Msafiri hakuwa na habari.

Leo ndege hizo hazipo, lakini wageni wa kupita bado wapo, tena ni wengi kuliko zamani. Ni kundi la chama lililotoka Nairobi Jumamosi alfajiri kwa matatu ya kukodi. Ni mfanyakazi aliyeletwa kwenye semina katika hoteli za barabara ya Moi South Lake, akapewa siku moja huru kabla ya kurudi kazini. Ni familia inayoelekea Maasai Mara ikaamua kulala Naivasha. Tangu Oktoba 2019, reli ya SGR ilipofika Suswa, wapo pia wanaokuja kwa treni. Wote hao wana siku moja, na nimeandika sura hii kwa ajili yao.

Siku hiyo huharibiwa na jambo moja: tamaa ya kumaliza kila kitu. Asubuhi mashua ziwani, saa tano Crescent Island, mchana Hell's Gate, jioni wanataka kuupanda Longonot. Wanashinda barabarani, wanafika kila mahali wakiwa wamechelewa, na jioni hawakumbuki ila vumbi. Longonot unastahili siku yake peke yake. Ziwa nalo litakusubiri. Ukiwa na siku moja tu, chagua kitu kimoja ukifuate tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nasema ufuate mvuke. Utakuongoza kupitia kila kinachofaa kuonwa hapa: miamba, korongo, mabomba, watu waliohama, na bwawa la maji ya moto mwishoni, wakati miguu imechoka.

Wenzetu wa Iceland wamelielewa jambo hili vizuri. Katika mji wa Akureyri, bandari ya kaskazini mwa kisiwa hicho, meli za watalii hutia nanga kwa saa chache tu. Wageni wengi hupandishwa mabasi hadi Mývatn, sehemu yenye volkano, wakatembee juu ya ardhi inayochemka na kuoga katika maji yaliyotoka kwenye visima vya umeme, kisha warejeshwe kabla meli haijang'oa nanga. Kwa saa hizo chache mgeni ameonyeshwa kisa kimoja, kikaisha. Na si ajabu kuitaja Iceland tukizungumzia Olkaria. Tangu mwaka 1979 kumekuwa na mafunzo ya jotoardhi mjini Reykjavík, yaliyoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Wakenya wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wanafunzi wake. Wahandisi na wanajiolojia kadhaa wanaosimamia visima vya Olkaria waliwahi kutembea juu ya theluji ili wajifunze moto wa chini ya ardhi.

Basi tuanze safari. Ondoka Nairobi kabla ya jua kuchomoza. Matatu za Naivasha hupatikana Nyamakima. Mwenye gari lake achague barabara ya juu kupitia Limuru na Kinungi, au ile ya chini ya Mai Mahiu, ambako utayakuta malori yanayopanda na kushuka ukingo wa bonde polepole. Ukifika Naivasha mjini, panda matatu za barabara ya kusini mwa ziwa ushukie kwenye makutano ya Hell's Gate. Hapo utakutana na vijana wenye baiskeli za kukodisha. Hifadhi ya Hell's Gate, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68 na iliyotangazwa mwaka 1984, ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Usiikose nafasi hiyo kwa kujifungia ndani ya gari.

Ichague baiskeli kwa makini, usione haya. Inyanyue gurudumu la mbele ulizungushe: likiyumba, omba nyingine. Bana breki zote mbili huku ukiisukuma mbele. Badilisha gia mbele ya mwenyewe. Panda uone kama goti linanyooka karibu kabisa pedali inapokuwa chini, maana kiti kikiwa chini sana utalia kabla ya saa sita. Muulize kijana nambari yake ya simu, upate msaada pancha ikikupata ndani. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa njia ya eCitizen, kwa hiyo uwe na simu yenye chaji na salio la M-Pesa kabla hujafika langoni. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, na kitambaa cha kujifunika pua. Vumbi la huku ni majivu ya volkano, ni laini mno, na magari yakipita hulitimua hadi likafunika njia.

Ukiingia kwa lango la Elsa, lililopewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, utauona upesi mwamba unaosimama peke yake, Fischer's Tower. Jina ni la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika eneo hili mwaka 1883 akitafuta njia ya kuelekea Ziwa Victoria, Wamaasai wakamzuia, akalazimika kurudi. Mwamba wenyewe ni mawe ya volkano yaliyoganda. Pimbi wamejaa chini yake, na wamewazoea watu kiasi cha kukusogelea, usiwalishe. Kutoka hapo njia inakwenda tambarare kati ya kuta mbili ndefu za mawe mekundu, na punda milia, swala, kongoni na ngiri wanakula majani pande zote. Nyati pia wapo. Ukiwaona karibu na njia, shuka, simama mbali, ungoje gari la hifadhi au wageni wengine mpite pamoja.

Inua macho kwenye kuta. Tumbusi huzaa juu ya miamba hii, na ndiko waliko mbayuwayu na tai wanaopaa bila kupiga bawa. Hewa inayopashwa joto na mwamba hupanda, nao hupanda nayo. Tumbusi wamepungua sana katika Afrika nzima kwa sababu ya sumu inayowekwa kwenye mizoga, na wataalamu wa ndege wana wasiwasi pia juu ya nyaya za umeme karibu na viota vyao. Hilo litunze akilini, kwa sababu mchana utaziona nyaya hizo zinakotoka.

Kiasi cha kilomita saba au nane kutoka langoni unafika kwenye kituo cha askari wa hifadhi, juu ya korongo la Ol Njorowa. Zamani sana, ziwa la Naivasha lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyo sasa, maji yake yalifurika kupitia hapa kuelekea kusini, na ndiyo yaliyokata mwamba huu. Leo ni korongo jembamba lenye kuta zilizolainishwa na maji, na mahali pengine unaweza kuzigusa pande zote mbili kwa mikono.

Hapa lazima niseme wazi. Korongo hili limeua. Mwaka 2012 vijana wa kanisa waliokuja matembezi walisombwa na mafuriko ya ghafla, saba wakafa. Mwaka 2019 wageni wengine wakakumbwa na maji vilevile, na tena watu saba wakapoteza maisha. Mvua huenda isinyeshe hapo ulipo kabisa. Ikinyesha mbali juu, maji hukusanyika na kuteremka kwa kasi, nawe uko kwenye mfereji usio na pa kupandia. Baada ya misiba hiyo korongo lilifungwa, na siku yoyote askari wanaweza kulifunga tena. Wakisema limefungwa, limefungwa. Likiwa wazi, usishuke bila kiongozi.

Niliwahi kushuka na kundi lililoongozwa na binti wa vijiji vya hapo Olkaria. Tulipofika ukingoni alisimama akatazama juu kwa muda mrefu hadi mama mmoja akaanza kuchoka.

"Dada, mbona hatushuki? Jua linawaka hivi."

"Mama, jua ni la hapa. Mimi natazama kule maji yanakotoka."

Akampigia simu mwenzake aliyekuwa upande wa juu, akauliza habari za mawingu kwa Kimaa, ndipo akatuambia tuteremke. Kiongozi wa namna hiyo anastahili malipo yake kamili na bakshishi juu yake, na ukimlipa utakuwa umeiacha pesa yako kwa mtu wa hapo hapo.

Chini korongoni, mwambie akupeleke kwenye ukuta wenye joto. Weka kiganja. Mahali pamoja jiwe ni baridi, kiganja kimoja pembeni ni moto wa kukufanya uondoe mkono. Maji yanachuruzika kutoka kwenye nyufa yakiacha michirizi ya njano na kijani juu ya mwamba, na mengine yana moto wa kuchoma ngozi, kwa hiyo usiguse kabla ya kuuliza. Hapo ndipo utakapoufahamu mvuke kwa mkono wako mwenyewe. Chini pia, kati ya changarawe, mna vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Ni obsidiani, lava iliyopoa upesi mno. Watu wa kale wa bonde hili walichonga visu na ncha za mishale kwa jiwe hilo, na lile la Naivasha na Eburru limepatikana kwenye makazi ya kale yaliyo mbali sana na hapa. Liangalie, lirudishe; vitu vya hifadhi havichukuliwi. Volkano zenyewe hazijazeeka. Lava ya Ololbutot, ndani ya eneo hili la Olkaria, ilimwagika takriban miaka mia mbili iliyopita tu.

Kutoka korongoni hadi kwenye mitambo kuna mwinuko mkali na barabara yenye magari makubwa ya kazi. Kama hujazoea kupanda milima kwa baiskeli, irudishe langoni na uwe umepanga gari likupeleke Olkaria. Utajua umekaribia kwa pua. Harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa inayotoka na mvuke. Kisha utayaona mabomba, makubwa, yakikatiza vilima kila upande.

Watu wengi huyapita mabomba haya wakiyapiga picha tu. Simama hapo kidogo, maana ndipo moyo wa siku yako ulipo. Angalia jinsi bomba linavyokwenda moja kwa moja, halafu ghafla likakunjwa pembeni, likarudi, likaendelea. Mikunjo hiyo ipo kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Bomba lililonyooka lingejipasua. Mahali pengine limeinuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Sasa fikiri linakotoka. Mvua iliyonyesha kwenye kingo za bonde huzama kupitia nyufa za ardhi, hukutana na mwamba uliopashwa moto na magma, na hubaki huko chini ikiwa na joto kali na shinikizo kubwa. Visima vya siku hizi huchimbwa hadi karibu kilomita tatu. Kinachopanda ni mchanganyiko wa maji na mvuke. Kwenye silinda kubwa zilizo karibu na visima hutenganishwa: mvuke unakwenda kuzungusha mapanga ya mtambo wa umeme, maji yanarudishwa ardhini ili chini kusikauke.

Kazi hii haikuanza jana. Visima vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956, havikutoa mvuke wa kutosha, mambo yakalala. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, uchunguzi ulirejea, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kulikuwa na mtambo mmoja uliotangulia barani, mdogo mno, kule Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, lakini haukudumu. Olkaria ikaendelea: Olkaria II mwaka 2003, kisha ile hatua kubwa ya mwaka 2014 na 2015, megawati 280 zilipoongezwa kwa Olkaria IV na upanuzi wa Olkaria I, halafu Olkaria V mwaka 2019. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, na sehemu kubwa yake ni ya vilima hivi. Miaka ya nyuma, mvua ilipokosekana na mabwawa ya mto Tana yakashuka, nchi iligawiwa umeme kwa zamu. Mvuke haungoji mvua ya mwaka huu. Mtoto anayesomea mtihani Garissa au Busia usiku wa ukame anausoma kwa joto la hapa, na ukiwa na watoto wako katika safari, waambie hilo wakiwa wamesimama mbele ya bomba.

Lakini mwambie mtoto na upande wa pili. Mwaka 2014, ili Olkaria IV ipate nafasi, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa: Cultural Centre, OloNongot, OloSinyat na OlooMayana Ndogo. Walipelekwa kwenye ardhi inayoitwa RAPland, wakajengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati. Wengi walizifurahia nyumba. Wengi pia walilalamika: barabara mbaya, makorongo katika sehemu ya ardhi waliyopewa, hati ya ardhi iliyochelewa, watu walioachwa nje ya hesabu. Wakapeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimefadhili mradi, na kukafanyika upatanishi uliozaa makubaliano mwaka 2016. Kijiji cha Cultural Centre kilikuwa kikiishi kwa wageni kama wewe: ngoma, shanga, hadithi za mzee. Kuhama kwa watu kama hao ni kupoteza duka.

Kwa hiyo shanga zako za siku hii zinunue kwa akina mama wa hapa, wala usizichukue kwenye duka la hoteli. Amkia kwanza. Kaa. Uliza nani ametengeneza. Bei ipatanwe kwa heshima, usimkamue mtu aliyeshona juani kwa wiki nzima. Mkufu wa akina mama hawa una kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Utazame upande wa nyuma uone jinsi uzi ulivyofungwa, fundo baada ya fundo.

Hapo ndipo uende kuoga. Bwawa la Olkaria lilifunguliwa mwaka 2013 na KenGen, kampuni ya umeme yenye mitambo hapa, na maji yake ni yale yale yaliyopanda na mvuke kutoka chini, yakitenganishwa na kupitishwa kwenye mabwawa ya kupozea kabla ya kufika kwa waogaji. Lile la kwanza ni moto wa kuua, limezungushiwa ukuta, na mvuke wake unapanda kama wa sufuria ya githeri. Maji ni ya buluu yenye maziwa kwa sababu ya silika. Fika kuanzia saa tisa, jua likiwa limelegea, na siku za kazi kuliko Jumapili, ambapo mabasi ya shule na makanisa hulijaza. Vua pete na mikufu ya fedha, salfa huigeuza nyeusi. Lowesha nywele kwa maji baridi kabla ya kuingia, usizizamishe, silika huzikausha zikawa ngumu. Mwenye presha au mjamzito amwone daktari kabla ya safari. Kaa dakika kumi na tano, toka, kunywa maji, rudi. Watu hukaa saa nzima mfululizo halafu wanaona kizunguzungu.

Njaa itakuwa imekuuma. Chakula cha bwawani kipo, ila mimi huteremka hadi ufuo wa Kamere, nile samaki wa kukaanga na ugali na sukuma, kando ya mashua za wavuvi. Huko njiani utapita mashamba ya maua. Moja, Oserian, lilianza kukodi kisima cha mvuke cha Olkaria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usiku, unyevu ulipoingia ndani ya vibanda na kuleta ukungu kwenye waridi, shamba lilipasha hewa kwa joto la kisima, na hewa ya kaboni iliyotoka humo liliielekeza kwenye mimea ikue upesi. Waridi lile lililouzwa Ulaya lilikuzwa kwa mvuke wa vilima ulivyotoka sasa hivi.

Ukirudi Nairobi siku hiyo hiyo, ondoka kabla ya saa kumi na mbili. Barabara ya Mai Mahiu usiku, na malori yake, si ya mtu aliyechoka.

Na ukipata siku ya pili, usiianze na mashua. Zunguka ziwa hadi upande wa kaskazini magharibi, upande mlima Eburru. Huko hakuna mto, na wakazi tangu enzi za walowezi wamekuwa wakichota maji kutoka hewani: huuelekeza mvuke wa matundu ya ardhi kwenye mabomba, ukapoa ndani yake, ukadondoka tone kwa tone kwenye madumu. Pareto pia ilikaushwa kwa mvuke huo. Panda mapema, asubuhi bado baridi, ndipo mvuke hupoa upesi na madumu hujaa haraka. Na umwombe mwenye bomba ruhusa kabla hujaonja maji yake.